Folda ya Karibuni

Wa kwanza kuiona ile kamari alikuwa kaka mkubwa, na aliiona mahali pabaya: kazini, mbele ya bosi wake. Mke wa bosi alikuwa na cherehani iliyogoma. Kaka, ambaye kwa kawaida hakujishughulisha na mambo ya baba, akajikuta anajisifu kwamba marehemu aliacha tovuti nzima ya kutengeneza cherehani, picha kwa maelezo, na mafundi wa miji mingi wanaitegemea. Akatoa simu, akafungua. Badala ya sindano na bobini, skrini ikajaa magurudumu ya bahati yanayozunguka, sarafu zinazomwagika, na msichana aliyevaa nusu nguo akimkonyeza bosi.

Jioni hiyo alifika kwa mama, akaanza kusema kabla hata ya kukaa.

"Izimwe. Jina la baba liko juu kabisa ya ule upuuzi. Watu watasema hatukungoja hata udongo ukauke."

Mama alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakuinua uso. Aliyejibu ni mtoto wa mwisho, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda tangu kuzaliwa, na ambaye hata sasa, mtu mzima anayeuza vitambaa dukani, hakuwa na jina jingine pale nyumbani.

"Ukiizima, mafundi watapata wapi picha?"

"Mafundi gani? Baba amefariki, Kitinda. Watafute baba mwingine."

Lilimponyoka. Mkono wa mama ulisimama juu ya mchele. Kaka akakohoa, akavuta kiti, akakaa.

"Nisamehe, mama. Lakini niambieni ukweli, nani ataiangalia ile mashine? Mimi siijui. Huyu anaijua kwa kuchungulia tu baba alipokuwa anafanya. Jumapili nakuja kula hapa. Nikiikuta kamari bado ipo, nachomoa waya, yaishe."

Waya wenyewe ulikuwa pale, machoni pa wote. Ulikuwa wa buluu, ukitoka kwenye kisanduku cha intaneti kando ya televisheni, ukafuata ukuta wa sebule, ukapinda kona, kisha ukapita chini ya mlango wa chumba cha nyuma. Huko ndani ndiko kulikokuwa na karakana ya mwisho ya baba, na mashine yake. Mama alikifunga chumba hicho siku waliyotoka kuzika, akafundika ufunguo kwenye pindo la nguo yake. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

*

Baba alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ya zamani, ile ya barabarani, ilikuwa na rafu moja aliyoiita Karibuni. Fundi yeyote aliyekwama alikuwa huru kuingia, akachukua bisibisi, skrubu au kikasha cha bobini kutoka kwenye rafu ile, akaenda zake bila kuaga. Akipata cha kuzidi, alirudi akakiacha. Wapo waliochukua tu wasirudishe, na baba aliwajua, ila alivaa miwani ya mbao. Rafu haikuwahi kuwa tupu.

Miguu ilipoanza kumsumbua, karakana ikahamia chumba cha nyuma, na rafu ikahamia kwenye kompyuta. Alipata kompyuta ya mkononi iliyovunjika kioo, akaiunganisha na televisheni, akajifunza kidogo kidogo kuifanya seva, yaani kompyuta isiyolala, inayokaa macho kumjibu kila anayebisha hodi kutoka popote. Humo akaweka picha za kila cherehani aliyowahi kuifungua: meno yanayosukuma kitambaa, mikanda, ndoano ya chini inayodaka uzi. Na humo humo akafungua folda, akaiita Karibuni. Fundi yeyote aliweza kuweka picha yake humo, bila nywila, bila kuulizwa wewe nani. Kitinda alikumbuka siku picha ya kwanza ilipoingia kutoka kwa mtu wasiyemjua. Baba alipiga kofi pajani akasema, "Umeona? Rafu hiyo!"

Sasa rafu hiyo ndiyo ilikuwa imepitisha mwizi. Kitinda alilihisi hilo, ila hakuwa na uhakika. Kesho yake mchana, muda wa mapumziko, akaenda hospitali.

Hakuwa mgonjwa. Alimfuata mtu waliyekaa dawati moja sekondari, ambaye sasa alikuwa msimamizi wa kompyuta za hospitali. Wauguzi walimbandika jina la Bi Nywila, kwa sababu alikuwa akipita wodini na kuchana kila kikaratasi cha nywila kilichogandishwa kwenye skrini. Wakakaa kwenye benchi nyuma ya dirisha la dawa.

"Nywila ya baba ya kuingilia kwenye seva ilikuwa ipi?"

"Cherehani."

"Cherehani nini?"

"Cherehani tu."

Bi Nywila akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Na nani aliijua?"

"Wote."

"Wote akina nani?"

"Mafundi. Baba hakuwa na siri."

"Mwenzangu, Mungu amrehemu baba yako, lakini hiyo ilikuwa stendi, haikuwa seva." Aliona uso wa Kitinda, akalainisha sauti. "Haya. Sikiliza. Kabla hujagusa chochote, nakili picha zote kwako. Pili, futa kila kitu kwenye ile mashine, ujenge upya kutoka msingini. Mtu akishalala ndani ya nyumba yako, ukimtoa mlangoni hujui amemwacha nani darini."

"Kuijenga upya lazima niiguse?"

"Utaijengaje bila kuigusa? Unachomeka flashi yenye mfumo mpya, unaizima, unaiwasha. Huwezi kuyafanya hayo ukiwa sebuleni."

"Chumba kimefungwa."

Bi Nywila alimtazama. Alikuwepo mazikoni, alijua chumba gani. "Basi jaribu kuisafisha kwa mbali. Badilisha nywila, weka sentensi ndefu. Sasisha kila kitu kinachodai kusasishwa. Halafu weka ukuta wa moto: seva ina milango mingi, wewe unaacha wazi ile ya wageni wanaokuja kusoma, mingine yote unafunga. Lakini kumbuka nimekwambia. Kusafisha siyo kujenga."

"Nimesikia."

"Umesikia, lakini hukubali. Nakujua toka kidato cha kwanza."

*

Wiki ile Kitinda alikuwa akitoka dukani alasiri, anakaa kwenye kochi na kompyuta yake mapajani, anaingia kwenye mashine ya baba kupitia dirisha jeusi la amri. Mlango wa chumba ulikuwa hatua chache tu kutoka alipokaa. Kwa mtu mwingine ingekuwa kichekesho, kuzunguka kote huko hewani ili kufika upande wa pili wa ukuta. Yeye hakuona cha kuchekesha. Kwa mbali aliweza kufanya kazi. Chumbani hakujua kama angeweza.

Alinakili picha kwanza, kama alivyoagizwa, akazifungua moja moja. Kazi ilikwenda taratibu kwa sababu kila picha ilikuwa na kidole cha baba pembeni, kikionyesha skrubu, kikishikilia mkanda, kucha yenye weusi wa mafuta ambao haukutoka kwa sabuni yoyote.

Kwenye folda ya Karibuni alikuta kitu kilichojiita picha ya mguu wa cherehani wa kushonea upande wa chini. Hakuna mguu wa namna hiyo. Mguu wa cherehani unakandamiza kitambaa kwa juu, hata anayeuza vitambaa tu analijua hilo. Alipojaribu kukifungua hakikufunguka kama picha. Ndani kilikuwa na amri, mistari kwa mistari. Mtu alipita kwenye mlango uleule wa mafundi, amebeba kisu ndani ya bahasha, na seva ikampokea kama ilivyofundishwa kumpokea kila mtu.

Alikifuta. Akaufuta ukurasa wa kamari, akaurudisha wa baba. Akabadilisha nywila. Mwisho akafika kwenye ukuta wa moto. Akaruhusu mlango wa wageni wa kawaida, akaruhusu na ule wa pili, wa mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, akaamuru mingine yote ifungwe. Kompyuta ikamuuliza: amri hii huenda ikakata mawasiliano yaliyopo, uendelee? Kitinda akajibu ndiyo, kama anavyojibu kila mashine inayouliza maswali mengi.

Hakuna kilichokatika. Tovuti ikafunguka vizuri kwenye simu, bobini na sindano mahali pake. Akafunga kompyuta, akaenda jikoni kumsaidia mama kukaanga vitunguu, moyo mweupe, hata akawa anaimba chinichini.

Walipomaliza kula akarudi kutazama kama yote yako sawa. Dirisha jeusi halikumpokea. Akajaribu tena. Akaandika ile sentensi ndefu polepole, herufi kwa herufi. Kimya. Ndipo alipoelewa: mlango aliokuwa akiingilia yeye mwenyewe, ule wa nyuma wa kufanyia kazi, ulikuwa miongoni mwa "mingine yote". Alipokuwa ndani ulimstahi. Alipotoka, ukajifunga nyuma yake.

Akafungua tovuti kwenye simu. Gurudumu la bahati lilikuwa linazunguka tena. Kweli mtu alibaki darini.

*

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Kitinda akasimama mbele yake, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama utotoni akivunja kitu.

"Mama, nimejifungia nje."

Mama akautazama mlango wa mbele. Ulikuwa wazi, upepo unapepea pazia. "Nje ya wapi?"

"Ya mashine ya baba. Niliweka ulinzi. Nikafunga milango yote isipokuwa ya wageni. Nikausahau wangu."

"Kwa hiyo milango umeifunga wewe mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na sasa huwezi kuingia."

"Siwezi."

"Na wale wezi?"

"Wako ndani."

Mama akamkodolea macho. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Kitinda akadhani analia, akapiga hatua kumshika. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaiweka shuka chini, akajifuta macho kwa kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Mtoto wa baba yako wewe," alisema. "Yeye hakuwahi kufunga mlango maisha yake yote. Na wewe umeufunga siku moja tu, umewafungia wezi ndani."

"Mama, lazima niingie chumbani."

Kicheko kikakatika. Mama akaokota shuka, akaikunja mara mbili, akaipigapiga ilale sawa.

"Utaizima?"

"Lazima. Kwa muda tu. Nitaifuta yote niijenge upya, halafu naiwasha."

"Kitanda changu kiko upande wa pili wa ukuta ule," mama alisema. "Ile feni yake naisikia. Nikilala naisikia, nikiamka naisikia. Nilisema nikiacha chumba wazi, mtu ataingia kupanga vitu, aguse hiki, aguse kile, mwisho aizime. Kwa hiyo nikafunga."

Muda wote alidhani mama hawezi kuviona vitu vya baba.

"Ukiizima itawaka tena?"

Angeweza kusema ndiyo, bila shaka yoyote. Lakini wiki ile ilikuwa imemfundisha kutojibu ndiyo upesi.

"Nadhani itawaka. Bi Nywila atakuwa kwenye simu hatua kwa hatua. Ila mashine ni kuukuu, mama. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba picha zote ninazo."

Mama alifundua pindo la nguo yake. Fundo lilikuwa limekaza kwa kukaa muda mrefu, ikabidi alikamate kwa meno.

*

Chumba kilinuka mafuta ya cherehani. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, lakini lile la mezani lilikuwa na manyoya ya nyuzi, rangi rangi, kama kila vumbi lililowahi kukaa karibu na baba. Kichwa cha cherehani kilichofunguliwa nusu kilikaa juu ya gazeti, skrubu zake zimepangwa mstari kwa ukubwa. Miwani ilikuwa imekunjwa juu ya mstari huo. Kitinda alisimama hapo kidogo. Kisha akavuta pumzi, akafungua dirisha, akaanza kazi, kwa sababu kazi ilikuwepo.

Mashine ilikaa kwenye kona, juu ya makopo mawili yaliyopinduliwa ili hewa ipite chini. Ilikuwa inavuma, tena kwa nguvu, kama mtu anayepanda ngazi. Kwa kuwa kioo chake kilikuwa kimevunjika, ilihitaji televisheni.

"Mama, nishikie upande mmoja."

Mama alikuwa bado amesimama kizingitini. Aliitazama televisheni, akaitazama meza ya mume wake, akaja. Wakaibeba pamoja kutoka sebuleni, mama akitembea kinyumenyume na kulalamika kwamba baba yao siku zote alichukua televisheni wakati wa taarifa ya habari. Wakaiegemeza kwenye ukuta, wakaunganisha waya. Kitinda akachomeka flashi aliyopewa na Bi Nywila, akaiweka simu mezani ikiwa na sauti ya juu.

"Niko hapa," ilisema sauti ya Bi Nywila. "Usibonyeze kitu nisichokwambia."

"Sibonyezi."

"Haya, zima."

Kitinda akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akazima.

Feni iliteremka polepole, kama kitu kinachokwenda mbali, kisha ikanyamaza. Sebuleni, mshale wa saa ya ukutani ulikuwa unagonga.

"Kumbe ile saa ina sauti," mama alisema.

Akaketi kwenye kiti cha baba, mikono mapajani, akaisikiliza. Kitinda akaona machozi yanamshuka bila haraka, na mama hakuyafuta.

Kabla ya kuiwasha, Kitinda aliigeuza mashine ili aone tundu la feni. Lilikuwa limezibwa kabisa na nyuzi zilizoshikana zikawa kama kitambaa. Akachukua brashi ya baba, ile ndogo ya kusafishia meno ya cherehani, akazitoa taratibu: nyekundu, nyeupe, buluu ya sare za shule. Zikajaa kiganja. Akaiwasha.

Mengine yalikuwa kazi. Mfumo mpya ulichukua muda kuingia, mstari unasogea kwenye televisheni kwa mwendo wa kobe. Bi Nywila alimwongoza: jina la mtumiaji, siyo lile analolikisia kila mtu. Sentensi ndefu ya siri. Ufunguo wa kidijitali unaokaa kwenye kompyuta yako tu. Nakala ya picha kila wiki, iwekwe mahali pengine. Na ukuta wa moto.

"Mlango upi wa kwanza kuruhusu?" aliuliza Bi Nywila.

"Wangu," alijibu Kitinda.

"Alhamdulillahi, haleluya, vyote kwa pamoja. Endelea."

Picha za baba ziliporudi mahali pake, Kitinda aliingia kwenye seva kutoka kwenye kompyuta yake, akatoka, akaingia tena, akatoka, akaingia. Mlango ulimpokea kila mara. Ndipo mama alipogeuza shingo, akatega sikio kwenye kona.

"Imewaka?"

"Imewaka, mama. Inafanya kazi."

"Mbona siisikii?"

Kitinda akaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa ya uvuguvugu. Feni ilizunguka, ila ilitoa mnong'ono tu, wa kusikika ukisogeza sikio. Hakuwa amelifikiria hilo. Akamwonyesha mama lile donge la nyuzi.

"Hizi ziliziba. Ilikuwa inavuma vile kwa sababu inahangaika kuvuta hewa. Sasa inapumua vizuri." Akasita. "Naweza kuzirudisha. Nikiziweka pale, itavuma tena."

Mama alilichukua donge, akaliviringisha kwenye vidole. Mwezi wa mwisho wa ugonjwa, nyumba nzima iliweza kusikia jinsi baba alivyovuta pumzi, hata ukiwa jikoni na maji yanachemka. Wote wawili walikuwa wanakumbuka hilo.

"Hapana," mama alisema. "Iache ipumue."

Donge akalitia mfukoni. Chumba hakukifunga.

*

Jumapili kaka alikuja na simu mkononi. Aliifungua tovuti mezani kabla ya kunawa, akaivinjari, akavinjari tena, kama mtu anayetafuta nzi kwenye maziwa.

"Safi," alikiri hatimaye. "Lakini Karibuni siioni."

"Haijafunguliwa. Naifungua leo."

"Kitinda! Si ndiko walikoingilia?"

"Waliingia kwa sababu haikuwa na mlango. Sasa kila fundi atakuwa na ufunguo wake, kwa jina lake. Na zinapita picha tu. Chochote kinachotaka kujiendesha chenyewe kinakwama."

"Si uifunge tu moja kwa moja? Picha za baba zipo, zinatosha. Sasa utakaa unawahudumia wazee kila siku? Utasasisha mwezi hadi mwezi? Ukiolewa je?"

"Akiolewa ataondoka na ufunguo," alisema mama, akipakua. "Kula, chakula kinapoa."

Hawajamaliza kula, simu ya Kitinda ikalia. Alikuwa Kibobini, fundi mzee wa mji mwingine, rafiki wa baba wa miaka mingi, ambaye Kitinda alimtumia maelekezo ya ufunguo asubuhi ile. Sauti yake ilijaa meza.

"Mwanangu, mashine yako inanikataa. Nimeandika cherehani, inasema haitoshi. Haitoshi nini? Baba yako alinipa cherehani, na cherehani ndiyo naijua!"

"Hiyo haitumiki tena, mzee. Chagua sentensi nzima, unayoijua wewe peke yako."

"Nimeandika cherehani mbili. Imekataa."

Kitinda alieleza mara ya pili, na ya tatu. Kaka alikuwa anatafuna na kukunja uso. Mwisho akanyoosha mkono. "Hebu nipe." Akaichukua simu. "Shikamoo, mzee. Ndiyo, ni mimi, yule mkubwa. Sikiliza. Fikiria jambo ambalo mtu mwingine halijui. Jambo lako la moyoni. Siyo kuniambia mimi, liandike pale. Usiniambie. Mzee, usiniambie! Mzee, usilita..."

Lakini Kibobini alikuwa ameshalitaja, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea karibu na cherehani sita. Lilihusu mama mkwe wake. Mama aliziba mdomo kwa pindo la nguo. Kaka alijaribu kujizuia, akashindwa, wali ukampalia.

"Hilo sasa tunalijua wanne," alisema alipopata pumzi. "Tafuta jingine, mzee. Nakusubiri hapa hapa, sikati."

Akasubiri kweli, chakula chake kikipoa, mpaka Kibobini akapiga kelele kwamba mlango umefunguka. Kaka akairudisha simu, akajisafisha koo, akasogeza sahani yake. Habari ya kuchomoa waya haikurudi tena mezani pale.

Walipoondoa vyombo, mama alisimama mbele ya Kitinda, kiganja wazi.

"Mimi nilikupa ufunguo wangu. Wa kwangu uko wapi?"

"Mama, wewe unataka wa nini?"

"Nataka."

Kitinda akamfungulia jina lake kwenye simu. Mama akamgeuzia mgongo kuandika sentensi yake, akificha skrini kwa bega, kisha akaenda chumbani kwake, akarudi ameikumbatia cherehani yake mwenyewe, ile ya mkono iliyokaa miaka chini ya kitanda. Akaiweka kwenye meza ya baba, chini ya dirisha, pembeni ya ile iliyofunguliwa nusu. Akaipiga picha. Akaandika kwa kidole kimoja, akitamka kila neno: *Hii inaruka mishono. Marehemu aliniambia kesho, akaniambia kesho, mpaka akaondoka. Nani anaijua?*

Jibu la kwanza liliingia kabla chai haijaiva. Lilitoka kwa Kibobini: picha ya tumbo la cherehani kama ile, na kidole kinene kikionyesha ndoano ya chini. Ndoano imesogea, aliandika, inachelewa kuudaka uzi. Legeza skrubu hii, zungusha gurudumu mpaka sindano ianze kupanda, kaza. Pole shemeji. Alikuwa mwongo wa kesho kwetu sote.

Mama aliisoma mara mbili. Kaka akawasha tochi ya simu, akainama. Kitinda akachukua bisibisi kwenye meza ya baba, akalegeza, mama akazungusha gurudumu taratibu mpaka Kitinda aliposema basi, akakaza. Wakaweka kipande cha kitambaa cheupe. Mama akazungusha. Mshono ukaenda vizuri, ukaenda, ukaruka mmoja, ukaenda tena.

Mama akakiinua kitambaa, akakitazama dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Bado kidogo," alisema. "Mwandikie, mwambie bado kidogo."